Tumekitukuza kiini, tukausahau utando

Mwambie mtu yeyote aliyewahi kusoma baiolojia akuchoree seli. Atachora duara. Ndani ya duara ataweka doa, aghalabu katikati, na mshale wenye neno "kiini". Kama kumbukumbu haijamtupa, ataongeza vidude viwili vitatu vyenye umbo la harage, ataandika "mitokondria", na kazi imekwisha. Muulize sasa lile duara lenyewe ni nini. Wengi watakujibu kuwa ni mpaka tu, kama mstari unaozunguka nchi kwenye ramani.

Kwa miaka mingi nimekutana na mchoro huo katika madaftari ya wanafunzi, na kila nikiutazama naliona kosa lilelile. Hakuna kilichoandikwa cha uongo. Kosa limo katika uzito: macho yote yanakimbilia doa, ilhali sehemu kubwa ya shughuli inayokitenga kilicho hai na kilichokufa inafanyika pale kwenye mstari. Hoja yangu ndiyo hiyo. Anayetaka kuielewa seli na aanzie kwenye utando, yaani lile duara lenyewe. Kiini kitasubiri.

Nianze na jambo ambalo mtu anaweza kulishuhudia mwenyewe kwa hadubini ya kawaida ya shule. Chukua kitunguu chekundu, livunje tabaka moja la ndani, kisha bandua kile kingozi chembamba cha zambarau kilichong'ang'ania upande wa nje. Kitandaze juu ya kioo pamoja na tone la maji. Utaona vyumba virefu vimepangana kama matofali, kila kimoja urefu wa kama robo ya milimita, na rangi imejaa ukuta hadi ukuta. Sasa dondoshea maji ya chumvi pembeni na uyavute kwa karatasi ya kunyonya iliyo upande wa pili. Subiri dakika moja au mbili. Ile zambarau inaanza kuachia kona. Inajikunyata, inajitenga na ukuta, hadi inabaki kama mfuko mdogo ulioelea katikati ya chumba kitupu. Ukuta haujasogea. Kilichosogea ni utando, ambao hadi dakika hiyo ulikuwa umebanwa ukutani kiasi cha kutoonekana kabisa. Rudisha maji matupu, na mfuko utafura polepole mpaka ukijaze chumba tena.

Yatafakari uliyoyaona. Maji yamepita. Rangi haikupita. Chumvi nayo haikupata njia ya haraka ya kuingia, maana ingeingia, maji yasingekuwa na sababu ya kutoka. Kitu chembamba kiasi hicho kimechagua nani apite na nani abaki, tena kikachagua kwa pande mbili.

Kwa nini basi tumekipa kisogo? Nadhani ni kwa sababu ya mpangilio wa historia yenyewe. Robert Hooke, Mwingereza, alipotazama mwaka 1665 kipande cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, aliona vijumba vitupu na kuvipa jina la Kilatini la chumba kidogo. Neno letu "selo", chumba cha mahabusu, na neno "seli" ni ndugu wa tumbo moja. Alichokiona Hooke kilikuwa kuta za seli zilizokwisha kufa zamani. Mwaka 1831 Robert Brown akaona kiini katika seli za okidi na akakipa jina. Kiini ni kikubwa, hukamata rangi vizuri, hadubini ya kawaida inakionyesha bila taabu. Utando ulisubiri hadubini za elektroni za miaka ya 1950 ndipo ukaonekana kama mstari maradufu. Kwa miongo mingi wanabaiolojia walijua lazima uwepo, lakini hawakuwa wameuona. Kilichotangulia kuonekana ndicho kilichotangulia kuheshimiwa, na vitabu vya shule vikarithi heshima hiyo bila kuihoji.

Utando ni mafuta. Ni safu mbili za molekuli ziitwazo fosfolipidi, kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zitie majini, zitajipanga zenyewe: mikia inaelekeana kwa ndani, vichwa vinatazama maji pande zote mbili. Mpangilio huo hauhitaji amri ya jeni lolote. Unatokana na tabia ya mafuta yakikutana na maji. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walichukua seli nyekundu za damu, wakayatoa mafuta yake, wakayatandaza juu ya maji na kupima eneo lake. Likawa kama mara mbili ya eneo la seli zenyewe, wakasema: basi ni safu mbili. Baadaye iligundulika kwamba hawakuyatoa mafuta yote, na pia uso wa seli waliukadiria kuwa mdogo kuliko ulivyo. Makosa mawili yakafutana, jibu likabaki sahihi.

Unene wa safu hizo mbili ni kama nanomita 5, yaani sehemu tano za milioni za milimita. Ungezipanga tando 20,000, moja juu ya nyingine, ndipo upate unene wa karatasi moja ya kuandikia. Tena si kitu kigumu. Mwaka 1970 Frye na Edidin waliunganisha seli ya panya na seli ya binadamu kuwa seli moja. Protini za upande wa panya walizitia alama ya mwanga wa rangi moja, za upande wa binadamu rangi nyingine. Mwanzoni seli ilikuwa nusu kwa nusu, kama mpira wenye rangi mbili. Baada ya dakika 40 hivi, katika joto la mwili, rangi zilikuwa zimechanganyika seli nzima. Walipopunguza joto vya kutosha, mchanganyiko ulikwama. Protini, kwa maneno mengine, zinaelea na kutembea ndani ya mafuta. Ule mstari tuliouchora kwa kalamu ya risasi unatiririka.

Protini hizo ndizo milango, na katika milango yote iliyopo mmoja unastahili kukaa kwenye kila mchoro wa seli ya mnyama, hata kama itabidi kuondoa kingine ili upate nafasi. Jens Christian Skou wa Denmark aliueleza mwaka 1957 akichunguza neva za miguu ya kaa. Ni pampu ya sodiamu na potasiamu. Kila inapozunguka mara moja, inatoa nje ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) tatu za sodiamu, inaingiza mbili za potasiamu, na gharama yake ni molekuli moja ya ATP, ile sarafu ya nishati ya seli. Kisha inarudia. Matokeo yake, potasiamu iliyomo ndani ya seli zetu inafika kama mara 30 ya iliyo nje, na sodiamu ya nje ni kama mara 10 ya iliyo ndani.

Tofauti hiyo haikai bure. Utando unavuja kila wakati, kwa hiyo pampu haina siku ya mapumziko. Makadirio yanaonyesha kuwa kazi hii peke yake hula kati ya moja ya tano na theluthi moja ya nishati ya mwili uliotulia, na katika seli za neva hula zaidi. Ubongo wetu ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati yake, na fungu kubwa la matumizi hayo linakwenda kuisukuma nje sodiamu iliyoingia. Wazo linapokupitia kichwani, milango imefunguka, sodiamu imemwagika ndani kwa kasi, umeme umekimbia kwenye neva, na pampu zimebaki nyuma zikirudisha kila kitu mahali pake.

Mtu anaweza kuuliza: mbona ni hasara tupu? Kwa nini kumlipa mchukuzi ajaze kitu kinachovuja? Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na sijui mahali ambapo msemo huo unakaa vizuri kuliko hapa. Sodiamu inayotaka kurudi ndani ina msukumo, kama maji yaliyozuiwa na bwawa, na seli huutumia msukumo huo kubebea mizigo. Katika utando wa seli za utumbo mwembamba kuna mlango ambao sodiamu haiupiti peke yake. Lazima iingie imeshikana na glukosi, aina ya sukari. Ayoni mbili za sodiamu, molekuli moja ya glukosi, zinaingia pamoja, na maji yanafuata nyuma. Robert Crane alilieleza wazo hilo huko Prague mwaka 1960, na kwa wengi wakati ule lilikuwa suala la maabara tu.

Lilikuja kuokoa watu wengi ajabu. Sumu ya bakteria wa kipindupindu huiharibu nidhamu ya utando wa utumbo: milango ya kloridi inabaki wazi, kloridi inatoka, sodiamu na maji vinaifuata, na mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja. Kumnywesha maji matupu hakusaidii vya kutosha. Lakini ule mlango wa sodiamu na glukosi, sumu haiugusi. Unabaki mzima. Mpe mgonjwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, na maji yatarudi mwilini kupitia mlango huo huku ugonjwa ukiendelea na fujo zake pembeni. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi za Bangaon nchini India wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya kutundika kwenye mishipa, akaamua kutumia mchanganyiko huo wa kunywa. Vifo vilikuwa vikikaribia asilimia 30 ya wagonjwa. Miongoni mwa walionyweshwa vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002 una gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita, pamoja na chumvi nyingine mbili. Ukihesabu kwa molekuli, pamoja na sodiamu iliyomo katika moja ya chumvi hizo nyingine, sodiamu na glukosi zinakuwa sawasawa. Hapakuwa na jeni lililorekebishwa. Kiini hakikuguswa. Mtu alijua tu ni mlango gani wa utando ambao bado unafanya kazi.

Sasa, ATP inayolipia pampu inatoka wapi? Hapa ndipo wanafunzi hukariri kuwa mitokondria ni "kituo cha kuzalisha nishati", wakapata alama yao, wakasonga mbele. Jibu hilo limeficha jambo la kustaajabisha kuliko yote. Mitokondria nayo inafanya kazi kwa utando. Chakula kinapovunjwa, elektroni zake hupitishwa kutoka protini moja hadi nyingine katika utando wa ndani mpaka zifike kwa oksijeni, na njiani zinasukuma protoni, yaani ayoni za haidrojeni, upande wa pili. Protoni zinarundikana. Peter Mitchell, Mwingereza, alipolitoa wazo hili mwaka 1961 wengi walimpinga kwa miaka. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel. Tofauti ya umeme kati ya pande mbili za utando huo ni kama milivolti 150 hadi 180. Kwa kusikia ni kidogo. Lakini unene ni nanomita 5, kwa hiyo msukumo wake ni sawa na volti milioni 30 kwa mita, kama mara kumi ya ule unaotosha kupasua hewa na kutoa cheche. Kila mmoja wetu amebeba hali hiyo mwilini sasa hivi, amekaa na anasoma kwa utulivu.

Protoni zikirudi, zinapita katika kimeng'enya, protini inayoharakisha kazi ya kemia, kinachozunguka kama gurudumu la kinu, na kwa kila mzunguko ATP tatu zinatoka. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walikibandikia kimeng'enya hicho kijiti cha protini chenye mwanga, wakakiangalia kwa hadubini kikizunguka. Mwaka huohuo Tuzo ya Nobel ya Kemia iligawanywa kati ya Skou wa pampu na wawili walioeleza kinu hiki, Paul Boyer na John Walker. Mmoja alieleza jinsi ATP inavyotumika kutengeneza tofauti kati ya pande mbili za utando. Wenzake wakaeleza jinsi tofauti hiyo inavyotumika kutengeneza ATP. Mtu mzima huitengeneza na kuivunja kila siku ATP inayokaribia uzito wa mwili wake, ingawa wakati wowote anayo kiasi kidogo sana.

Mitokondria zina DNA yao, jeni 37 kwa binadamu, na ribosomu zinazofanana na za bakteria. Lynn Margulis aliandika mwaka 1967 kwamba zilikuwa bakteria walioingia ndani ya seli nyingine wakabaki humo, makala ambayo ilikataliwa na majarida karibu 15 kabla ya kuchapishwa. Leo hakuna anayelibishia la msingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mgeni yule alikuja na utando wake, na bila utando huo seli kubwa kama zetu zingekosa nishati ya kuendeshea maisha ghali namna hii. Kloroplasti za mimea ni simulizi lilelile, na mgeni wake ni bakteria anayetumia mwanga.

Sehemu nyingine za seli nazitaja kwa haraka, kwa kuwa zinafundishwa vizuri vya kutosha. Ribosomu husoma ujumbe wa jeni na kuunganisha amino asidi kuwa protini. Mtandao wa endoplazimu na kifaa cha Golgi hukunja protini hizo, huzitia alama na kuzipeleka zinakohitajika. Lisosomu humeng'enya mabaki. Nyuzi za protini huipa seli umbo na kuwa reli za kubebea mizigo. Ukitazama vizuri, hata hapa, zaidi ya nusu ya vilivyotajwa ni mifuko iliyozungushiwa utando: lisosomu ni salama kwa sababu tindikali yake imefungiwa ndani.

Najua atakayenipinga atasema nini. Atasema bila kiini hakuna maelekezo, na bila maelekezo pampu zenyewe zisingetengenezwa. Ni kweli, na ushahidi wake ni mzito. Miaka ya 1930 Joachim Hämmerling alifanya majaribio kwa Acetabularia, mwani wa baharini ambao ni seli moja yenye urefu wa sentimita kadhaa, kiini chake kikiwa kwenye mguu. Alipandikiza shina la aina moja juu ya mguu wa aina nyingine, na hatimaye umbo la kofia iliyoota lilifuata kiini. Kwa habari ya nini kijengwe, kiini ndicho chenye kauli. Hilo silipingi, na anayetaka kuelewa urithi au saratani lazima akisome kiini usiku na mchana.

Lakini kipande cha mwani kilichokatwa kiini kiliendelea kuishi kwa wiki nyingi. Na hatuna haja ya kwenda baharini. Mwili wa binadamu mzima una seli zinazokadiriwa kufikia trilioni 30, na zaidi ya nane katika kila kumi ni seli nyekundu za damu, ambazo zikishakomaa hazina kiini wala mitokondria. Zinaishi kama siku 120, zinabeba oksijeni, zinapinda kupita mishipa myembamba kuliko zenyewe, pampu zao zinafanya kazi kwa ATP inayotokana na kuvunja glukosi bila oksijeni. Kwa idadi, basi, seli nyingi zaidi mwilini mwako hazina kile tunachokiita "ubongo wa seli". Bakteria nao hawana kiini, DNA yao imelala wazi. Virusi wana jeni, na bado hawawezi lolote mpaka waingie mahali penye utando unaofanya kazi. Seli isiyo na utando haijawahi kuonekana popote.

Kuna jaribio lingine ambalo kila mara linanirudisha kwenye hoja hii. Mwaka 2010 timu ya Craig Venter nchini Marekani ilitunga kwa kemia DNA nzima ya bakteria, herufi zaidi ya milioni moja, na ikafanikiwa kuifanya iendeshe seli hai. Vyombo vya habari vikatangaza kuwa binadamu ameumba uhai. Ukisoma walichofanya, utaona kuwa DNA hiyo ilitiwa ndani ya seli ya bakteria wa jamii ya karibu, iliyokuwa hai tayari, yenye utando wake, ribosomu zake na pampu zake. Kitabu kiliandikwa upya chote, nyumba iliazimwa.

Tena nyumba hiyo haijawahi kujengwa upya tangu mwanzo. Rudolf Virchow alisisitiza mwaka 1855 kwamba kila seli hutoka kwa seli, na tunalikariri neno lake bila kuona uzito wake kwa upande wa utando. Seli hurefusha utando ilio nao, kisha huugawa. Yai ulilotokana nalo, kipenyo chake kama moja ya kumi ya milimita, lilikuja na utando wake likiwa limeupata kwa seli iliyolitangulia. Mbegu ya baba ilileta nusu ya DNA. Mitokondria zake ziliharibiwa baada ya kuingia. Rudi nyuma kizazi kwa kizazi, zaidi ya miaka bilioni 3, herufi za jeni zimebadilika mno, ila utando umekuwa ukigawanyika bila kukatika hata mara moja.

Ningekuwa na sauti kwenye mitaala, somo la kwanza la seli lisingekuwa kutaja majina ya sehemu. Ningewauliza wanafunzi: pampu zikisimama, nini kinafuata? Swali hilo linalazimisha kila kitu kijitokeze. Sodiamu inaingia na haitolewi, maji yanaifuata, seli inavimba. Kalsiamu nayo inamwagika ndani na kuamsha vimeng'enya vinavyoanza kuila seli yenyewe. Ndiyo sababu ubongo ukikosa oksijeni huanza kuumia ndani ya dakika chache. Maelekezo yote bado yapo kwenye DNA wakati huo. Kinachokosekana ni malipo ya mchukuzi.

Kisha ningewarudisha kwenye hadubini na kingozi kingine cha kitunguu kilekile. Safari hii kitumbukize kwanza katika maji yanayochemka kwa nusu dakika. Zambarau itatoka na kusambaa majini. Kiweke juu ya kioo, dondoshea maji ya chumvi kama mwanzo, na usubiri. Hakuna kitakachojikunyata. Kuta zimesimama zilivyokuwa. Tia tone la iodini, na ndani ya kila chumba utaona doa la kahawia, la mviringo, limetulia: kiini, kipo palepale.